Tundu la Mwisho la Mshipi

Nassir mwanangu,

Acha kuitafuta. Hukuisahau mazizini, haikuanguka kwenye basi, na wenzako hawakuificha kwa mzaha. Pasipoti yako ninayo mimi. Iko hapa karakanani, chini ya kopo la nta, na mkono wangu wa kushoto umelikalia kopo hilo ninapoandika haya.

Najua utakavyokasirika. Kasirika, lakini soma. Ningekupigia simu, ila kwenye simu wewe hunikata kauli: "Mama, hayo tulishaongea." Hatukuongea. Wewe ulisema na mimi nikasonga ugali. Barua haikatwi kauli. Labda uichane, na hata ukiichana utaviokota vipande uvisome, nakujua.

Ndege yako ni alfajiri. Sasa hivi jua linashukia nyuma ya maghala ya Qusais, hapa Dubai, Rafiq ameacha cherehani yake amekwenda msikitini, na wewe uko njiani kwenda mazizini kupekua magodoro ya watu. Utarudi mikono mitupu. Kabla hujarudi lazima niwe nimeamua, nikupe au nisikupe. Ninapoianza barua hii, wallahi, bado sijui.

Sitakuandikia habari za soksi, dawa ya tumbo wala kuswali. Hayo ulifunzwa Likoni na bibi yako, naye alikufunza vizuri kuliko ambavyo ningeweza mimi. Mimi najua kitu kimoja tu duniani, namna ngozi inavyochoka, basi nitakwambia hicho.

Lakini kwanza nikiteme kinyongo changu, maana kinanikaba. Habari za safari yako nilizipata kwa Njeri. Njeri! Mlinzi wa mnara wa maghorofa, mtu wa Nyeri tunayegawana naye jiko, ambaye farasi amewaona kwenye televisheni tu, ndiye aliyejua kabla ya mama mzazi.

"Mama Nassir, si unajua kijana wako anaenda Sauzi kwa vita?"

"Vita gani tena?"

"Ati vita ya farasi. Na hata hakuna adui. Wanapigana na jua."

Alicheka, nami nikacheka nisionekane mjinga. Nikakungoja useme. Ukanyamaza mpaka visa yako ya hapa ikafutwa na mkataba ukatiwa saini, ndipo ukaniketisha kitandani, kama mtu anayemwambia mgeni kwamba sukari imekwisha.

Masharti ulinisomea mwenyewe, tena kwa tabasamu. Yule sir wako, anayekusanya vifaa vya askari wa farasi wa zamani, ataongoza msafara kwenye nyanda kavu za kusini mwa Afrika, kule vilikopita vita vya Makaburu. Wapandaji wachache, na kila kitu kiwe kama cha enzi zile: tandiko, mfuko wa maji, blanketi, hata kijiko. Gari la msaada litakaa mbali. Atakayeliita, khalas, ametoka. Atakayefika mwisho, sir atamkabidhi mazizi anayoyajenga huko huko. Nikakuuliza, na asiyefika je? Ukasema, "Mama, mimi nitafika."

Hilo si jibu, Nassir. Nilikuuliza kina cha shimo, ukanisifia miguu yako.

Na matandiko mtakayoyapanda nimeyashona mimi. Hapo ndipo usingizi wangu ulipokatika.

Unakumbuka sir alivyoyaleta yale ya zamani ili niyaige? Yalifika kwenye masanduku, yamefungwa kama maiti. Nilipoyafungua nikasema huyu mzungu kaokota takataka. Ngozi nyeusi imejikunja kama papa mkavu, mbao zimepasuka, harufu ya zizi lililofungwa miaka. Mimi na Rafiq tukaanza kuyafumua, mshono mmoja mmoja, kuona yalivyojengwa.

Watu hudhani vifaa vya askari huharibiwa na risasi. Katika yote yaliyopita mikononi mwangu, sikuona hata tundu moja la risasi. Niliona jasho. Jasho la farasi ni chumvi tupu. Mchana linaingia kwenye mshono, usiku wa baridi linakauka, kesho linaingia tena. Ngozi inabaki ngozi, lakini uzi uliomo ndani umeoza, na kwa nje huoni kitu. Unavuta kidogo, kipande kizima kinakuachia mkononi. Chuma nacho kimeliwa na kutu palepale kilipofichwa chini ya ngozi, kule ambako hakuna aliyekuwa akikipangusa. Mablanketi ya sufu, usingeamini, yamestahimili. Na bizimu za shaba, zile zinazofungia mikanda, zilikuwa nzima kabisa. Ukizisugua kwa ndimu zinang'aa kama za bibi harusi.

"Bizimu haina njaa," Rafiq akasema. Unamjua Rafiq, Kiarabu chake na Kiurdu chake vimechanganyika kama biriani, lakini hilo alilisema wazi.

Kwenye ukanda mmoja tulikuta alama za vijishimo, pacha pacha. Mimi nikasema panya. Rafiq akautia ukanda kinywani mwake, kwenye meno yake ya bandia, akauma, akautoa akaupima na zile alama. Nilicheka mpaka nikashika meza. Kisha nikaona yeye hacheki.

"Meno makubwa haya," akasema. "Farasi huyu alikula tandiko la mwenzake."

Tangu siku hiyo sikuyaita tena takataka.

Unanijua mimi na hesabu. Tandiko moja nililipanga na kila kilichoning'inizwa juu yake: bunduki ya mbao ya maonyesho ambayo sir ameitia chuma ili iwe na uzito wa kweli, mfuko wa nafaka, maji, blanketi, kamba, vyuma vya kwato vya akiba. Nikalipeleka Deira kwa wakala wetu wa mizigo, nikaliweka kwenye mzani.

"Mama Rukia," yule mpimaji akaniuliza, "hii inakwenda Mombasa au inakwenda vitani?"

Kilo arobaini na mbili, bila mtu. Wewe una sitini na moja. Jumla mia moja na tatu. Farasi wa kiasi ana kama mia nne, basi anabeba robo yake na kidogo juu. Si haba, atabeba. Lakini njia ya majani makavu itamtoa kilo sitini, na mzigo hautapungua hata gramu. Sasa ni mia na tatu juu ya mia tatu na arobaini. Amekaribia theluthi. Hakuna aliyemwongezea kitu, Nassir. Yeye ndiye aliyepunguzwa. Ukimwona anayumba utasema ni mvivu, kwa sababu mzigo ni uleule wa siku ya kwanza.

Hesabu hiyo nilikuwa nayo mkononi, na bado nikakosea.

Nilipolijaribu tandiko la zamani juu ya farasi wa mazizi yenu, lilikaa kama kawa juu ya chungu kisicho chake. Chini yake kulikuwa na uwazi, mwanga ukipita kutoka upande huu hadi ule. Nikasema moyoni, fundi wa hili alikuwa na haraka. Mimi Rukia, niliyeanza na mapazia na magodoro ya makochi, nitamwonyesha mzungu wa kale kushona. Sir alikuwa ameletewa waya zilizokunjwa kwa umbo la migongo ya farasi wa huko. Nikazifuata zile waya kama fundi nguo anavyofuata kifua cha bwana harusi. Matandiko yangu yakalala juu ya mgongo pasipo nafasi hata ya karatasi. Sir akapitisha kiganja, akasema, "Perfect, madam." Na mimi, mwanamke mzima, nilifurahi kama aliyepewa peremende.

Rafiq alingoja sir aondoke. Akawasha birika lake. "Nzuri sana," akasema. "Hili la farasi wa leo. La farasi wa mwezi ujao utashona lini?"

Nikadhani ni wivu. Nikamjibu, "Kunywa chai yako." Matandiko yakapakiwa Deira, yakaenda.

Likabaki moja la zamani, nililoambiwa nilitengeneze litundikwe ukutani kwa sir. Nikafungua mshipi wa tumbo, ule unaolibana tandiko lisizunguke. Una matundu, kama mkanda wako wa suruali. Matundu ya kiwandani yamenyooka, umbali ni mmoja, ukiyapima kwa rula hayakosei. Lakini juu yake yalikuwapo mengine. La kwanza lilitobolewa kwa kitu chenye ncha, pengine msumari, limeenda upande. Linalofuata limepinda zaidi. La tatu limechanika na likashonwa kwa uzi wa gunia. La juu kabisa si tundu, ni mpasuko tu wa kisu, wa mtu ambaye mkono unatetemeka au hajali tena.

Nikaushika ule mshipi, nikamwona mtu. Simjui jina, sijui alikuwa upande gani wa vita, wala hanihusu. Kila baada ya muda anashuka, anakaza, anakuta matundu yamekwisha. Farasi amepungua. Anatafuta msumari. Anatoboa jingine. Anapanda. Hakuna afisa aliyemwandikia kitabu cha habari za farasi wake; farasi aliandikwa hapo, kwa matundu.

Sasa tazama nilichokiona nilipousogeza mshipi chini ya taa. Kila tundu lililotumika lina mstari, ngozi imebonyea pale bizimu ilipokaa. Yale yaliyopinda yote yana mistari. Ule mpasuko wa mwisho hauna. Ulikatwa, haukutumika. Nimekaa na jambo hilo siku nyingi. Sijui kama mtu yule alishuka, au alianguka.

Ndipo nikaelewa ule uwazi nilioucheka. Waliuacha kwa makusudi, watie blanketi lililokunjwa, na farasi akikonda waongeze mkunjo, na akizidi kukonda waongeze mwingine. Tandiko lao halikukaa vizuri siku ya kwanza kwa sababu halikushonewa siku ya kwanza. Langu limeshonewa siku ya kwanza tu. Farasi wako akipungua, mbao zitamkalia kwenye mifupa, na hakutakuwa na pa kutia hata kanga.

Nilimpigia sir. Nilimweleza kwa Kiingereza changu chote. Akacheka kwa upole, ndio unaoniudhi zaidi, akasema, "Madam, relax. Ni matembezi, si vita." Nikamwambia arudishe matandiko nifumue nishone upya bila malipo. Akasema tarehe haziruhusu. Tarehe! Farasi hajui tarehe.

Siku ya pili yake nikachukua pasipoti yako.

Ngoja, usitupe karatasi. Huogopi kidonda cha farasi, najua. Wewe ni saisi, mtunza farasi, vidonda umevitibu vingi kuliko mimi. Mimi naogopa kidonda chako, na nakijua kilikotoka.

Unaikumbuka siku ile ulipokula kwa mkono wa kushoto? Nilidhani umesahau adabu.

"Mkono wako una nini?"

"Si kitu, mama."

Nikakuvuta shati. Ubavu mzima ulikuwa rangi ya biringani. Farasi alikuwa amekupiga teke asubuhi, na baada ya hapo ukapanda wengine watatu jangwani, kwa sababu sir alikuwa amekaa garini akitazama na hukutaka akuone unashuka. Nikakugombeza mpaka majirani wa nyuma ya ubao unaogawa chumba wakagonga. Nawe ukanijibu taratibu, mdomo una wali:

"Na nani aliyeshona wiki nzima ya sikukuu na ncha ya sindano imo kidoleni?"

Njeri akasema kutoka jikoni, "Amekuweza." Tukacheka wote watatu. Lakini mimi nililala nimetazama ukuta. Sikukulea, Nassir. Nilikuacha na bibi yako hujaota meno ya mbele, nikaja kukupata una ndevu. Katika yote ambayo mama humpa mtoto, kumbe wewe uliweza kuchukua kwangu kimoja tu, tena kwa kuambiwa kwenye simu: kutoshuka.

Basi nikwambie matundu yangu, maana hujawahi kuyaona. Nilipokuja, nilikuja kwa madam mmoja, mkataba mmoja, nikimaliza nirudi. Hilo lilikuwa tundu la kiwandani, limenyooka. Mkataba ulipoisha nikasema mmoja zaidi, nyumba ya bibi yako haijaezekwa. Halafu mmoja zaidi, umeanza shule. Kisha nikatoka kwa madam nikaingia kwenye mapazia, kisha makochi, kisha ngozi, na kila nilipofika mwisho wa mkanda nilitafuta msumari. Watu hunisifu hapa. Rukia amejijenga mwenyewe! Ni kweli, nimejijenga. Baba yako ndiye pekee nyumbani kwetu aliyejua kushuka, ila yeye alishuka kabla safari haijaanza.

Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukiniuliza kwenye simu, "Mama, unakuja lini?" Nikikujibu "Karibu, inshallah," ulikuwa ukilia mpaka bibi yako anakunyang'anya simu. Kisha mwaka mmoja ukauliza bila kulia. Kisha ukaacha kuuliza. Nikamwambia bibi yako kwa furaha, "Amekua sasa." Bibi yako akanyamaza. Nilidhani mtandao umekatika.

Wewe unajua mgongo wa farasi. Kidonda kikiwa kibichi, ukimgusa anaruka, anatikisa mkia, anataka kuuma. Kisha siku moja unamgusa palepale, ametulia. Saisi mgeni husema amepona. Wewe mwenyewe ndiye uliyenionyesha, ukaubonyeza mgongo wa yule jike wa kijivu: ngozi imekufa, ngumu kama soli, haisikii kitu, na chini yake kunaoza. Uliniambia, "Mama, usimwogope anayeruka. Mwogope aliyeacha." Ulikuwa ukisema habari za farasi. Mimi nilikwenda chooni nikafungua bomba.

Bibi yako alipofariki, oda za mashindano zilikuwa zimejaa mpaka mlangoni. Nikasema nitakwenda zikiisha. Nilipokwenda, kaburi lilikuwa limeanza kuota majani. Na nilivyokwenda! Niliacha sindano, nikapanda ndege, kesho yake niko Likoni nimekaa mkekani, sina cha kufanya na mikono yangu. Askari wa zamani hawakuwa wakimvua farasi tandiko kwa ghafla baada ya mwendo mrefu. Walilegeza mshipi kidogo, wakamwacha asimame, mgongo upoe, ndipo wakavua. Ukivua ghafla mgongo unavimba. Mimi nilivuliwa ghafla. Nilivimba. Niligombana na kila aliyekuja kunipa pole, nikamwambia mjomba wako maneno ambayo mpaka leo hajanirudishia salamu, na kabla ya arubaini nilikuwa nimerudi Dubai, kwenye meza hii, nashona. Watu wakasema Rukia ana moyo mgumu. Walibonyeza, sikuruka.

Nassir, mimi sasa naruka. Tangu nilipouona ule mshipi, kila mahali pananiuma. Napika, naruka. Nasikia ndege inapita juu ya Nahda, naruka. Ndio maana nilifanya nililolifanya.

Nilikuwa nimekwisha kupanga. Ndege iondoke bila wewe, halafu pasipoti "ionekane" nyuma ya kabati. Ungebaki bila visa, bila kazi, ungenichukia, lakini ungenichukia ukiwa mzima, mbele ya macho yangu, ukila kwa mkono wa kulia. Niliipima hiyo hesabu kila upande na kila mara ilinipa faida.

Asubuhi ya leo ulivua viatu ukapiga magoti kutazama chini ya kitanda changu. Uliniuliza, "Mama, una hakika hukuiona?" Na mimi nikasikia sauti ikitoka kinywani mwangu: "Tutaitafuta, usijali."

Unajua ni sauti ya nani ile? Ya yule madam wangu wa kwanza. Pasipoti yangu ilikaa kwenye kabati lake la vyombo, nyuma ya seti ya chai, na kila nilipoiomba aliniambia vilevile, kwa upole uleule, tutaitafuta, usijali. Hakunipiga, hakuninyima chakula. Alinipenda, nadhani. Aliogopa nitakapokwenda, na katika kuogopa kwake akanigeuza chombo kimoja katika vyombo vya kabati. Nilimlaani mwanamke yule miaka mingi. Leo nimemkuta kinywani mwangu, amekaa raha mustarehe.

Sasa Rafiq amerudi. Ameniona nalia, amejifanya anatafuta mkasi. Amesema, bila kunitazama, "Mshipi wa kijana umemaliza?"

Nimemaliza. Huo ndio ninaotaka kukwambia mwisho.

Mshipi wako sikuupeleka Deira pamoja na mingine. Nilimdanganya sir kwamba nta haijakauka. Nimeushona kwa mkono, uzi wa kitani, sindano mbili, kwa sababu uzi wa nailoni hauozi lakini hukata ngozi kama waya ukatavyo sabuni. Pamoja nao nimekuwekea blanketi la sufu. Nimelipunguza upana na kulikata katikati kwa urefu, liache njia juu ya uti wa mgongo. Farasi akipungua, utatoa kwanza pamba ya pembeni ya tandiko langu, ile niliyoijivunia, ulichane bila huruma, kisha utie blanketi. Usiogope kuliharibu tandiko. Ni zuri bure.

Kwenye mshipi kuna matundu ya kiwandani, na juu yake nimeyatoboa mengine mwenyewe, yamenyooka, kwa sababu sitaki uyatafutie msumari njiani. Farasi atapungua. Nawe utapungua. Tumia tundu la kwanza, usione haya. Tumia la pili. Hiyo ndiyo safari, na mimi si mjinga wa kukwambia usikaze kamwe. Watu wetu wamekula kwa kukaza.

Lakini la mwisho nimelizungushia uzi mwekundu. Na juu yake, pale ambapo mkono wa mtu aliyekata tamaa ungetafuta nafasi ya jingine, nimeshindilia bamba la shaba, pande mbili, kwa misumari iliyokunjwa. Nimelijaribu. Kisu hakipiti.

Ukilifikia tundu la uzi mwekundu, Nassir, shuka. Usingoje uone kama sir anatazama. Shuka, legeza mshipi, mwache mgongo upoe, shika hatamu mtembee wote wawili, na uliite hilo gari. Watasema umetoka. Watasema kijana wa Rukia alikuwa na maneno mengi. Kisha nipigie mimi, saa yoyote, uniambie neno moja tu, "nimeshuka," na nitakuja huko huko uliko, hata kama meza hii imejaa mpaka mlangoni. Mara hii nitakuja. Sina namna ya kukufanya uniamini, maana "karibu, inshallah" nimekwambia mara nyingi. Nimeacha funguo za karakana kwa Rafiq. Amezitia mfukoni na ameniambia nikizihitaji nimwombe kwa adabu.

Nenda, mwanangu. Sikupi radhi za kufika. Nakupa radhi za kushuka, ambazo mimi sikupewa na mtu, na kwa kutopewa mkanipita wewe na mama yangu.

Nitaviweka vyote juu ya begi lako, kisha nitakaa jikoni kwa Njeri mpaka umalize kusoma. Pasipoti imo ndani ya blanketi. Nimelifunga kwa mshipi huo, tundu la kwanza.

Mama yako,
Rukia